Mwezi Niliomficha Nesi Tabitha

Mwanangu Tunu,

Salamu nimekupa asubuhi kwa mdomo, na dua nitakupa kesho pale kituo cha basi, kwa hiyo hapa naviruka vyote viwili. Habari za sweta, za kutooga maji baridi huko Iringa, za kumpikia mumeo wali wa nazi hata kama nazi zikifika huko zimeshachoka, nimeshazisema mpaka baba yako akaniomba nimpumzishe. Hizo sikuandikii. Nakuandikia lile nililoshindwa kulisema wiki zote tatu ulizokaa hapa nyumbani. Kwa mdomo ningelia, wewe ungecheka, na tungeishia kuzungumza mambo ya watu wengine.

Sasa hivi ni alasiri. Umekwenda Raskazone kumuaga mama yako mdogo, na najua hurudi kabla ya magharibi, maana yule akimshika mtu haachii. Baba yako yuko uani anafunga begi lako kwa kamba utadhani ndani mna mbuzi. Bibi yako amejilaza. Kwa hiyo nina nafasi.

Kwanza nisamehe kwa yale maneno. Nilikwambia mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama, na kwamba mwanamke anayekwenda kuzalia ugenini hana wa kumshika mgongo. Ukanijibu mumeo ana mikono miwili. Nilinuna siku mbili, nikakuwekea chai bila iliki makusudi, na wewe ukainywa bila kusema kitu. Umenirithi ukaidi, hilo silikatai.

Nenda, mwanangu. Hasira zimekwisha. Lakini nataka ujue kwamba siku zile si mila iliyokuwa ikinisumbua. Nilikuwa naogopa. Nilikusindikiza kliniki Jumanne ile, ukanipa kadi nikushikie wakati unavaa viatu, nami nikaisoma. Wewe ulinipigia simu siku ya pili ya Idi, hina haijanitoka mikononi, ukanambia siku zako zimepita wiki nzima. Kadi inasema mara ya mwisho uliona siku zako karibu mwezi mzima baada ya Idi. Nikakurudishia kadi yako, tukanunua machungwa, tukarudi nyumbani. Sikukuuliza, kwa sababu nilijua nani kakufundisha kusema hivyo. Ndiye aliyenifundisha mimi.

Sasa sikiliza kisa cha kuzaliwa kwako. Unacho kimoja unachokijua, kile ambacho bibi yako huwasimulia wageni: kwamba ulikaa tumboni ukapitiliza, ukataka kufa, kwa sababu nesi wa kliniki yetu alikuwa hajui kuhesabu. Umekisikia tangu utotoni. Uliwahi hata kumwigiza yule nesi sebuleni, umevaa kanga ya kichwani kama kofia, unahesabu vidole na kukosea, sote tukicheka. Mimi nilicheka pia. Kisa hicho ni cha uongo, Tunu. Nesi Tabitha alikuwa anajua kuhesabu vizuri sana. Aliyemharibia hesabu ni mimi.

Wakati ule tulikuwa tunakaa kijijini, mbele kidogo ya Tongoni, baba yako akifanya useremala. Kliniki yetu ilikuwa chumba kimoja na benchi moja refu barazani. Nesi alikaa mlangoni, na alikuwa na sauti kubwa ya watu wa milimani, wanaoitana kutoka kilima mpaka kilima. Mshambaa, Mlutheri, mwanamke mrefu mwenye miguu ya kutembea. Akikuuliza, "Mara ya mwisho uliona lini siku zako?" benchi zima linasikia, na jibu lako benchi zima linalisikia vilevile.

Na wewe umelelewa na bibi yako, kwa hiyo unajua. Mimba ya kwanza haitajiwi mwezi. Anayejua siku yako ndiye anayeweza kukufunga usizae. Hata asiye na nia mbaya, jicho lake tu linatosha. Basi wanawake wote wa pale walikuwa wakisogeza mbele. Ukiwa na mimba ya miezi mitano, unasema minne, ili watu waje na macho yao wakati wewe umeshamaliza, mtoto yuko mgongoni. Bibi yako aliniweka chini siku moja kabla sijakwenda, akaniambia, "Mwana'ngu, mwezi wako ni wako na Mola wako. Yule nesi mwandikishe mwingine."

Nikamwandikisha mwingine. Na kwa kuwa mimi nikifanya jambo silifanyi nusu, nilimpa uongo uliovaa nguo. Nilimtazama usoni, nikamtajia tarehe, nikamwambia nakumbuka kwa sababu siku ile ilinyesha mvua kubwa mpaka kanga zangu zikaloa kambani. Mvua yenyewe ilinyesha kweli, siku ya harusi ya jirani. Nesi Tabitha akaandika. Wiki tano nikazitoa hivihivi, nikarudi nyumbani najiona mjanja.

Mara ya tatu nilipokwenda, alinipapasa tumbo akasita. "Tumbo lako limeitangulia hesabu," akasema.

"Baba yake mrefu," nikamjibu. Benchi likacheka, naye akacheka. Akaendelea na mwingine.

Wiki ya arobaini ilinifika mimi peke yangu. Ya kadi ilikuwa thelathini na tano. Nilikuwa nimevimba miguu, nalala nimekaa. Nilikwenda kliniki nikamwambia nesi nimechoka, akanishika bega, akasema, "Vumilia mama, bado sana. Kunywa maji, pumzika." Wiki iliyofuata nikaenda tena, akaniambia vilevile. Angefanyaje? Alikuwa anasoma alichoandikiwa. Mimi nikarudi nyumbani, nikamwambia bibi yako muda umepita. Akaniambia mimba za kwanza hukawia, hata yeye alikawia, na kwamba nisifungue mdomo sasa hivi, maana ndio wakati mbaya kuliko wote.

Halafu ukaacha kucheza. Wewe ulikuwa na tabia yako: adhana ya alfajiri ikilia, ulinipiga teke la upande wa kulia, mara mbili au tatu, mpaka baba yako alikuwa akiweka mkono akusubiri. Siku moja adhana ikalia, ikaisha, watu wakaswali, jua likatoka. Nikanywa maji ya sukari. Nikalala ubavu. Ukajisogeza kidogo tu, kivivu, kisha kimya. Nilimwita baba yako karakanani, naye hakuuliza maneno mawili. Akasimamisha gari la nazi lililokuwa likielekea mjini, tukakaa mbele mimi na bibi yako, yeye akapanda juu ya nazi.

Daktari wa zamu hospitali alikuwa mwanamke wa miwani, mpole. Alikusikiliza, akasema mapigo yapo ingawa si ya kuchangamka. Akasoma kadi. "Wiki thelathini na saba. Tutakulaza leo tukuangalie. Mtoto akitulia, kesho utarudi nyumbani usubiri uchungu uje wenyewe."

Bibi yako akashukuru. Akaanza kukunja kanga.

Tunu, hapa ndipo ninapotaka uniangalie vizuri. Nilikuwa nimelala juu ya kile kitanda, nikijua kitu kimoja ambacho daktari hakijui, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kikikuua. Na bado sikusema mara moja. Nilifikiri habari ya mwezi wangu ikifika benchini. Nilifikiri daktari atanigombeza mbele ya wodi nzima. Nilifikiri namuaibisha mama yangu. Yote hayo niliyafikiri wakati wewe upo humo ndani unachoka. Daktari alishageuka, ameshafika kitanda cha pili. Sijui ilikuwa dakika ngapi, lakini zilikuwa nyingi mno, na hizo ndizo zinazoniuma mpaka leo kuliko uchungu wote ulionijia baadaye.

"Daktari," nikasema. "Mwezi ulioandikwa hapo si wenyewe."

Bibi yako akanifinya paja kwa ndani. Alama ilikaa juma zima.

"Si wenyewe kivipi?"

"Nilimdanganya nesi. Ongeza wiki tano."

Akavua miwani. "Nani mwingine anajua?"

Nikamtazama mama yangu. Daktari naye akamtazama. Bibi yako akageukia dirishani, akasema, "Miye sizijui hesabu za siku hizi."

Nilingoja kutukanwa. Daktari akavaa miwani yake, akafuta kwenye faili, akaandika upya. "Umefanya vizuri kusema," akaniambia. "Hatusubiri tena. Tunakuanzishia uchungu leo."

Nikalia kwa kufarijika, kabla hata ya kidonge cha kwanza. Watu huniuliza kama niliogopa kuanzishiwa. Hofu yangu ilikuwa imekwisha pale aliposema "leo".

Bibi yako alikuwa amekuja na kombe ndani ya chupa ya chai, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi. Mkunga wa leba, mama mmoja wa Kibondei mwenye mwili mkubwa na mikono midogo, akaifungua akanusa. "Mama, hii ni dawa ya kuleta uchungu? Kama ni dawa niambieni sasa hivi, zikikutana mbili humo ndani kizazi kitapasuka."

Nikamwambia ni kombe tu, maji ya Kurani, wallahi. Maana nilishaonja utamu wa kusema kweli, nikawa siachi.

"Basi kunywa," akasema. "Na mie niombee, nina zamu mbili."

Walinipa kidonge saa nne asubuhi. Kidogo, robo ya kidonge. Nikakaa nikisubiri radi. Haikuja. Wanawake waliingia wakiwa wameinama, wakatoka na watoto, mimi nimekaa tu kama mgeni aliyekosea nyumba. Wakanipa kingine, na kingine. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na tumbo likibana kidogo na kuachia. Asubuhi ya pili mkunga akanipima akasema njia imelainika, sasa dripu.

Nikwambie habari ya dripu, kwa sababu huenda na wewe wakakuwekea, na sitaki ikukute hujui. Nimewazaa na kaka zako wawili baada yako, uchungu wao ulikuja wenyewe, kwa hiyo naweza kulinganisha. Uchungu unaokuja wenyewe hubisha hodi. Unakuuma, unakaa nje kidogo, unakuacha umalize sentensi. Huu wa dripu huingia bila hodi na kupanda kitandani na viatu. Saa tatu nilikuwa nazungumza na jirani yangu kuhusu bei ya dagaa, saa nne nilikuwa nimeuma shuka. Nilimtukana baba yako kwa Kidigo, lugha ambayo hata siijui sawasawa. Nilimwambia mkunga aitoe ile sindano nirudi nyumbani. Akaniambia, "Nyumbani utakwenda, lakini mtakwenda wawili."

Kila baada ya muda aliweka kile kipembe cha kusikilizia juu ya tumbo, sikio lake kwenye upande wa pili, macho amefumba, midomo inahesabu. Mimi nilikuwa namtazama midomo. Nilikuwa sijui namba gani ni nzuri na namba gani ni mbaya, lakini midomo ikienda haraka nilipata nguvu. Mara moja ikaenda polepole. Akafumbua macho, akafunga dripu bila kusema, akanigeuza ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Tukangoja. Wodi nzima niliiona imesimama. Midomo ikaanza kwenda. Akafungua dripu, matone machache kuliko mwanzo, na wakati anafungua akanipapasa shavu kwa mkono wake mdogo, mara moja tu.

Chupa ya uzazi walipoipasua, maji yalitoka ya kijani. "Mtoto kanyea," mkunga akasema, na akaita daktari. Daktari akaja, akapima, akasema njia imefunguka yote, nisukume, na nisipokutoa upesi nakwenda kupasuliwa. Mwanangu, sikusukuma kwa ushujaa. Nilisukuma kwa aibu. Nilikuwa nimekuchelewesha vya kutosha.

Ulitoka alasiri, kama saa hizi. Ulitoka kimya. Wakakufuta, wakakunyonya mdomo na pua kwa mpira, mkunga akakusugua mgongo akikusemesha Kibondei kwa ukali kama mtu anayemuamsha mtoto wa shule. Kisha ukapiga chafya. Kisha ukalia, na kilio chako kilikuwa cha hasira, si cha huzuni, nami nikasema alhamdulillahi mpaka sauti ikakauka. Sijawahi kufarijika vile tena, si siku ya harusi yangu wala siku ya harusi yako. Nilijiona nimeshushwa gunia nililobeba miezi kumi kasoro.

Ngozi yako ilikuwa inabambuka mikononi na miguuni, imekunjamana, na kucha zilikuwa ndefu mpaka umejikwaruza shavu. Mkunga akakuinua nikuone. "Huyu kaja tayari kwa shule," akasema. Baba yako, aliyeshinda siku mbili kwenye benchi la nje kwa mkate na maji, alipokushika alikutazama kucha akauliza kama watoto wote huwa hivyo. Nikamwambia nitamweleza. Nilimweleza, naye akasema mtoto yupo, basi.

Hadi hapo, ningeweza kukusimulia kisa hiki kwa fahari. Nilikosea, nikasema kweli, ukaishi. Lakini kipo kipande cha pili, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Tuliporudi kijijini watu walikuja kukuona, na ngozi yako ilikuwa bado inabambuka. Wazee wa kike si wa kudanganywa kwa mtoto. "Huyu kapitiliza," wakasema. "Ilikuwaje?" Bibi yako, aliyekuwa akimimina kahawa, akajibu bila kukohoa, "Nesi hajui kuhesabu." Na mimi nilikuwa pale pale kitandani, wewe titini, nina akili zangu zote. Nikanyamaza. Ilikuwa rahisi sana. Mzazi hategemewi kusema kitu.

Siku ya tisa Nesi Tabitha akaja mwenyewe, na kipande cha sabuni na kitambaa cha mtoto. Bibi yako akampokea mlangoni, akamwambia nimelala. Nilikuwa macho. Nilimsikia akisema, "Mwambie nimekuja. Mwambie namshukuru Mungu." Viatu vyake vikasikika uani mpaka barabarani. Nilikuosha kwa sabuni ile mwezi mzima.

Jina likamganda. Watoto waliimba hesabu za makosa alipopita. Baada ya mwaka hivi akahamishwa, au aliomba uhamisho, sikuuliza. Na kila bibi yako aliposimulia kisa chako kwa mgeni mpya, na mimi nilipokaa kimya, ndipo nilipokuwa nikidanganya upya. Wewe una miaka ishirini na minne. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi.

Mficha uchi hazai, walisema waliotutangulia, na bibi yako ndiye aliyenifundisha methali hiyo. Mimi nilizaa. Niliendelea tu kuficha.

Baada ya kuiona kadi yako nilikosa raha. Nikauliza huku na huku, nikaambiwa Nesi Tabitha amestaafu, anakaa njia ya kupandia Amani, analima iliki na pilipili manga. Juzi niliposema nakwenda Muheza kununua machungwa ya safari yako, nilikwenda kweli Muheza. Kisha nikakodi bodaboda mpaka kwake, nimemkumbatia yule dereva kwenye zile kona kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Nilimkuta ameanika iliki kwenye mkeka, amevaa gambuti. Amezeeka, lakini miguu ni ile ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Wewe ni wa nani, mwanangu?"

Nikamtajia kijiji, nikamtajia jina langu. Akaacha iliki. "Wa kanga zilizoloa kambani," akasema.

Sikuweza kukaa. Nikamwambia nimesimama hapohapo. Nikamwambia nilimdanganya mwezi, na kwamba nilisikia alipokuja na sabuni, na kwamba maneno ya "hajui kuhesabu" yalitoka nyumbani kwetu na mimi nikayaacha yatembee.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nyie wote wa pwani ile mlikuwa mnanidanganya," akasema. "Mwaka wa kwanza nilihangaika. Baadaye nikazoea. Kila mimba ya kwanza nilikuwa nikiandika mnachosema, halafu kimoyomoyo naongeza mwezi."

"Mbona mimi hukuniongezea?"

"Kwa sababu ulinitazama usoni ukaniambia habari za mvua. Nikasema huyu peke yake ndiye mkweli."

Nikakaa chini, mwanangu. Nilikaa juu ya mkeka wa iliki za watu.

Sikuambii alicheka na kunikumbatia. Alisema jina lile halikumuuma sana, watu hupewa majina. Kilichomuuma ni kwamba wako wanawake waliokataa kuja kwake baada ya hapo, wakazalia majumbani, na yeye alikuwa akilala akiwafikiria. Kisha akaniuliza, "Na kule hospitali, ulimwambia daktari wewe mwenyewe, au waligundua?"

"Nilimwambia mwenyewe."

Akaitika kwa kichwa, akarudi kuchambua iliki. "Hilo ndilo nililokuwa nataka kulijua miaka yote. Nilidhani umeondoka kwangu na mdomo uliofungwa." Akanifungia iliki kwenye gazeti, zile nilizokwambia nimezinunua Muheza. Niliteremka mlima ule nikiwa mwepesi, na nikacheka peke yangu mgongoni kwa dereva mpaka akaniuliza kama ni mzima.

Sasa nakwambia la mwisho, halafu nifunge. Huko Iringa utakwenda kliniki nyingine, kwa nesi mwingine, na huko hakuna benchi linalokujua. Sikuamuru. Nimeshakuamuru vya kutosha juu ya mambo madogo. Nilijua pia kwamba nikikwambia ubadilishe mwezi, utaniona nimeingilia, kwa sababu katika mambo haya unamsikiliza bibi yako kuliko mimi, na umemsikiliza tangu unajua kutembea.

Kwa hiyo leo adhuhuri nilikwenda kukaa kitandani kwake. Nikamwambia nilikotoka juzi. Nikamweleza yote, hata habari ya wanawake waliokataa kliniki. Bibi yako unamjua, sijawahi kumsikia akikiri hata kwamba chumvi imezidi. Alilala amenipa mgongo, anavuta tasbihi, nikadhani hasikii.

Baadaye akauliza, "Tunu kamwandikisha nesi mwezi gani?"

"Ule uliompa wewe."

Tasbihi ikasimama. Nikanyanyuka niondoke. Ndipo akageuka, akanishika kanga.

"Mwandikie aseme wa kweli," akasema. "Na umwandikie kuwa ni miye niliyesema, asije akadhani ni weye."

Nimeandika.

Mama yako,
Mwanahawa